Mkwaju wa Shilingi katika Meru na Embu

Vituo vya utawala wa kikoloni vilipoanzishwa Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, fedha ya serikali ilikuwa rupia. Kimeru kililipa neno pesa, ambalo kwa kawaida huhusishwa na paisa ya Kihindi, umbo la kienyeji: mbeca. Je, alama ya fedha nayo ilienyejishwa?

Shilingi ya Afrika Mashariki ilipowekwa mwaka 1921, iliandamana na mkwaju wa Kiingereza, ambao wengi huueleza kuwa masalio ya herufi S ndefu. Kwa asili hiyo, aandikaye "Sh. 5/=" ametaja shilingi mara mbili. Hata hivyo, Uingereza mkwaju ulitenga shilingi na peni, 12 kwa shilingi. Huku ulitenga shilingi na senti, 100 kwa shilingi. Wakulima wa Meru na Embu, walioanza kuruhusiwa kupanda kahawa miaka ya 1930, waliingia katika hesabu ambamo "12/50" ni shilingi kumi na mbili na senti hamsini, na vistari viwili huziba nafasi ya senti zisizokuwapo.

Basi, kama mbeca, umbo lilikopwa, matumizi yakawa yetu. Mwanaisimu achunguzaye maneno ya mkopo asizisahau alama zake.