Fidia ya Afyuni: Kaunti za Ohio Zilipokataa Kusemewa

Novemba 2025, jaji wa mahakama ya mufilisi katika jimbo la New York alipoyaidhinisha mapatano ya dola bilioni 7.4 yanayoihusu kampuni ya Purdue Pharma na ukoo wa Sackler ulioimiliki, majimbo, miji na kaunti za Marekani zilitajwa pamoja kana kwamba tangu awali zilikuwa wadai wa safu moja. Ilhali miaka sita tu nyuma, huko Ohio, serikali za mitaa zililazimika kuitetea haki yao ya kudai mbele ya mwanasheria mkuu wa jimbo lao wenyewe.

Asili ya msiba yajulikana. OxyContin, kidonge cha Purdue cha kutuliza maumivu cha jamii ya afyuni, kiliingia sokoni mwaka 1996, na kati ya 1999 na 2019 watu wapatao nusu milioni walikufa kwa kuzidisha dozi za dawa za jamii hiyo, za hospitali na za magendo. Mashtaka ya miji na kaunti dhidi ya watengenezaji na wasambazaji wa dawa hizo yalipofurika, yakakusanywa Desemba 2017 mbele ya Jaji Dan Polster mjini Cleveland.

Kaunti mbili za Ohio, Cuyahoga na Summit, zikateuliwa kutangulia. Agosti 2019, wiki chache kabla ya kesi kuanza, Mwanasheria Mkuu Dave Yost akaiomba mahakama ya rufaa iizuie, akishikilia kwamba madai ya umma wa Ohio ni milki ya jimbo zima, na kwamba kaunti zenye mawakili hodari zisije zikajichotea fungu nono huku kaunti fukara zikiambulia makombo. Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa na insafu ndani yake, nami siidharau. Lakini waliozika wafu walikuwa kaunti. Ndizo zilizolipia uchunguzi wa maiti, magereza na malezi ya watoto waliopoteza wazazi kwa uraibu, na Machi 2017 kaunti ya Stark, jirani ya Summit, iliazima trela lenye ubaridi la kuhifadhia maiti, kwa kuwa chumba chake kilikuwa kimejaa.

Fauka ya hayo, palikuwa na kumbukumbu chungu ya tumbaku. Mwaka 1998 majimbo 46 yalipatana na kampuni za sigara kwa zaidi ya dola bilioni 200 za kulipwa kwa miaka 25, na sehemu kubwa ya mali hiyo ikamezwa na bajeti za kawaida, wala wavutaji walioihitaji tiba hawakuiona. Viongozi wa kaunti walikuwa na kila sababu ya kukataa kusemewa tena. Hata Gavana Mike DeWine, aliyemtangulia Yost katika cheo cha mwanasheria mkuu, hakuiunga mkono azma ya kuwanyang'anya madai yao.

Oktoba mahakama ya rufaa ikalikataa ombi la Yost. Usiku wa kuamkia tarehe 21, ilhali watu 12 wa jopo la kuamua kesi walikwisha teuliwa, wasambazaji McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, pamoja na mtengenezaji Teva, wakakubali suluhu ya dola milioni 260, sehemu yake ikiwa dawa ya kutibu uraibu. Kesi haikusikilizwa.

Mwaka uliofuata Ohio ikaafikiana na serikali zake za mitaa: asilimia 30 ya fedha zijazo ziwe zao, 15 za jimbo, na 55 ziende kwa wakfu mpya uitwao OneOhio. Mapatano ya kitaifa ya dola bilioni 26 na kampuni za dawa yakatangazwa Julai 2021, kwa sharti kwamba walau asilimia 85 zitumike kuupunguza msiba wenyewe, sharti ambalo bila kaunti kukaza kamba nadhani lisingeandikwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba wakfu huo, ukiwa mwangalizi wa fungu kubwa kuliko yote, ulikataa kuzitoa hati zake kwa watu waliozitaka, mpaka Mei 2023 Mahakama Kuu ya Ohio ilipoamua kwamba ni sawa na ofisi ya umma na lazima uzifungue.