Alama Hamsini: Mizani ya Kanada na Wahajiri Wake

Tarehe 1 Oktoba 1967, katika mwaka ambao Kanada ilikuwa ikiadhimisha miaka 100 ya shirikisho lake, ilianza kutumika huko kanuni mpya ya uhamiaji iliyomwambia kila aliyetaka kuhamia nchini humo, awe ametoka Kingston au Karachi, Athens au Nairobi, kwamba hataulizwa rangi yake wala asili ya wazee wake, bali atahesabiwa alama. Na kwamba akipata alama 50 katika 100, na afya yake na mwenendo wake visipokuwa na ila, atakaribishwa kukaa daima, yeye na mkewe na watoto wao.

Mwenye kutaka kuipima kanuni hiyo kwa insafu hana budi kujua kwanza ni dhuluma zipi ilizikuta. Mwaka 1885, reli ya kuiunganisha nchi ile kutoka bahari hadi bahari ilipokuwa ikikamilika kwa jasho la maelfu ya Wachina waliopasua majabali ya magharibi, bunge liliamuru karibu kila Mchina mwenye kuingia atozwe kodi ya kichwa ya dola 50. Ikapandishwa kuwa dola 100 mwaka 1900, kisha dola 500 mwaka 1903. Na ilipoonekana kwamba hata hizo hazikutosha kuwazuia, sheria ya 1923 iliwafungia mlango Wachina karibu wote, ukabaki umefungwa hadi 1947. Sheria ya uhamiaji ya 1910 nayo iliipa serikali mamlaka ya kuwazuia watu wa asili yoyote itakayodhaniwa kuwa haifai kwa tabia ya nchi ya Kanada au kwa haja zake, na kwa hoja hiyo ya baridi watu weusi walikatazwa, ilhali weusi wengine walikuwa wakiishi Nova Scotia tangu karne ya 18.

Lakini hila inayonihuzunisha kuliko zote ni ile ambayo haikutaja kabila lolote. Amri ya 1908 ilisema tu kwamba mhamiaji sharti awasili kwa safari moja isiyokatika kutoka nchi aliyozaliwa, na tikiti aikate huko huko. Na kwa kuwa hapakuwa na meli iliyotoka Bara Hindi moja kwa moja hadi Kanada, kila mtu alifahamu amri ilimkusudia nani. Mwezi wa Mei 1914 meli Komagata Maru, iliyokodiwa na Gurdit Singh na kuanza safari yake Hong Kong, ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376, wengi wao Masikhi wa Punjab, ambao ni raia wa himaya ile ile ya Uingereza iliyoitawala Kanada. Wakazuiliwa majini miezi miwili huku chakula na maji vikiwapungukia, wakaruhusiwa kushuka watu 24 tu, na waliosalia wakafukuzwa chini ya mizinga ya manowari. Nao walipofika karibu na Calcutta wakapigwa risasi na askari wa serikali, na baadhi yao wakafa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili fikira zilianza kugeuka, ijapokuwa polepole. Waziri Mkuu Mackenzie King aliliambia bunge mwaka 1947 kwamba nchi yahitaji wahamiaji, ila si kwa kadiri itakayobadili sura ya umma wake, na hasa si kwa wingi kutoka Asia. Na mwaka 1951 India ilitengewa nafasi 150 kwa mwaka, Pakistan 100, na Ceylon 50. Mwaka 1955 ukaanzishwa mpango wa kuwaleta wanawake wa Jamaica na Barbados, wasioolewa, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waje wawe watumishi wa nyumbani. Na miongoni mwao, na wenzao wa visiwa jirani waliowafuata, walikuwamo walimu waliokubali kufua na kupika majumbani mwa watu kwa kuwa huo ndio mlango walioachiwa. Jean Augustine, mwalimu wa Grenada, aliingia kwa mpango huo mwaka 1960. Mwaka 1993 akachaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika bunge la shirikisho. Ilikuwapo hirimu nzima ya wanawake wa namna yake, ambao elimu yao haikuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu ya mtumishi.

Mwaka 1962 waziri Ellen Fairclough aliuondoa ubaguzi wa rangi katika sehemu kubwa ya kanuni, akaagiza kwamba mwombaji asiye na jamaa wa kumdhamini aangaliwe elimu yake, mafunzo yake na ustadi wake. Ilikuwa hatua ya ujasiri kwa zama zile, lakini jamaa za wahamiaji wa Ulaya waliendelea kupendelewa, wala hapakuwa na aliyeeleza elimu kiasi gani yatosha, hata ikawa ofisa mmoja aweza kukubali kilichokataliwa na mwenzake, na mwombaji hana hoja ya kujitetea. Serikali ya Lester Pearson ilitoa waraka wa sera mwaka 1966. Na katika wizara mpya iliyounganisha mambo ya kazi na uhamiaji chini ya Jean Marchand, katibu mkuu wake, Tom Kent, alitaka itafutwe njia ya kumpima mtu isiyotofautiana kutoka ofisi hadi ofisi. Jawabu lililopatikana ndilo alama.

Elimu na mafunzo zilipewa alama 20. Haja ya kazi yake huko 15. Ustadi wake katika kazi hiyo 10. Umri 10, ambazo mwenye miaka 18 hadi 35 alizipata zote, kisha zikapungua moja kwa kila mwaka uliozidi. Kazi aliyokwisha kuahidiwa 10. Kujua Kiingereza na Kifaransa 10. Kuwa na jamaa huko 5. Na hali ya ajira mahali aendapo 5. Zilizobaki, 15, ziliachiwa ofisa azitoe kwa kadiri alivyomwona mwombaji katika mahojiano, kama ni mtu wa ari, mwenye kuzoea mambo mapya na kujianzishia shughuli. Hizo 15 si chache, maana ni karibu thuluthi ya 50 zilizotakiwa, na jicho lenye chuki laweza kujificha ndani yake. Lakini 85 nyingine zilitegemea mambo ambayo mtu aweza kuyathibitisha, na kabla ya siku ile mwombaji wa Asia au Afrika hakuwa na hata moja aliyoweza kuidai kuwa haki yake. Matokeo yalionekana upesi: mwaka 1966 watu 87 katika kila 100 waliohamia Kanada walikuwa wa asili ya Ulaya, na miaka minne tu baadaye nusu yao walitoka pande nyingine za dunia.

Hata hivyo mizani hiyo ilikuwa na upofu wake, nao ni upofu wa kuthamini shule kuliko mikono. Wakulima wa Ukraine walioitwa kwa maelfu na waziri Clifford Sifton kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakazigeuza mbuga za magharibi kuwa mashamba ya ngano, wengi wao wasingalifikia alama 50.

Kabla kanuni haijatimiza miaka mitano ilijaribiwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, na Kanada ikamtuma Kampala Roger St. Vincent, wa ofisi yake ya uhamiaji ya Beirut, pamoja na kikosi kidogo cha maofisa na madaktari. Maofisa hao waliagizwa wahesabu alama, na papo hapo wakapewa idhini ya kuziweka kando pale ambapo utu ulidai hivyo. Kwa maana mhasibu au fundi aliyejua Kiingereza alifaulu bila taabu, lakini bibi kizee, au mwenye duka la shamba asiye na cheti chochote, angalipimwa akaonekana hana uzito. Yapata watu 6,000 walipelekwa, wengi wao Waismailia, wakatua Montreal na kupokewa katika kambi ya jeshi ya Longue-Pointe kwa chakula cha moto na makoti ya baridi. Na pamoja na Kigujarati na Kikachi walichukua Kiswahili chao. Kwa rai yangu haijapata kutumiwa vizuri zaidi kanuni hiyo kuliko katika miezi ile ilipokuwa mikononi mwa watu waliojua wakati wa kuiacha.

Marekebisho yaliyofuata ni mengi, na aghalabu ni ya kiofisi. Sheria iliyoanza kutumika 2002 ilipandisha kiwango cha kufaulu hadi alama 75, kikashushwa kuwa 67 mwaka uliofuata. Lakini kila aliyefaulu alikuwa na haki ya kusubiri, na waliosubiri wakarundikana, hata mwaka 2012 serikali ikayafuta maombi ya zamani yaliyowahusu watu wapatao 280,000 na kuwarudishia ada zao. Ada hurudi; miaka hairudi, na umri ni moja ya vitu vilivyopimwa. Tangu Januari 2015 mtu hapimwi tena kwa mstari uliochorwa tu, bali hushindanishwa pia na wenzake kwa alama 1,200, na wa juu ndio waalikwao: katika duru ya kwanza aliyekuwa na chini ya 886 aliachwa, na tarehe 13 Februari 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa maradhi, zilitosha 75. Mwenye miaka 45 hapati alama hata moja ya umri. Katika mpango wa 1967 mtu aliweza kujua kwa kalamu na karatasi kama amefaulu. Siku hizi jawabu humtegemea jirani asiyemjua.

Nalo jambo kubwa zaidi halijatengenezwa hadi leo. Alama hutolewa na serikali ya shirikisho na majimbo, ama ruhusa ya kutibu, kusanifu majengo au kufundisha hutolewa na vyombo vya taaluma vya kila jimbo, navyo havifungwi na alama hizo. Ndipo daktari aliyesomeshwa Makerere au Muhimbili kwa fedha ya umma huweza kuhesabiwa shahada yake mlangoni, kisha akafika ndani akaambiwa haitambuliwi, akaishia kuendesha teksi, huku hospitali aliyoiacha ikiwa na upungufu. Serikali iliyoandika alama mbele ya shahada ya mtu imekiri thamani yake, na yapasa ilazimike kwa ikirari hiyo. Maadamu haijalazimika, msomaji anayekusanya vyeti vyake kwa safari hiyo na avipeleke kwanza kwa chombo cha taaluma yake katika jimbo aendako, apate jawabu lao kwa maandishi, ndipo ahesabu alama.