Ajali, Ramli na Mwuza Bima

Mwuza bima ameketi na mume na mke vijana, mkataba uko mezani, kalamu iko tayari. Mume anasita, anaona heri fedha hizo anunulie boti. Hapo mzee anaishiwa na subira ya biashara. Anamweleza kijana kwamba baada ya miaka miwili, akiwa njiani kurudi kwa mkewe na binti yao mdogo, atagongwa uso kwa uso na mlevi anayeendesha Mustang ya bluu ya mwaka 1987. Hatishi wala habembelezi. Anasema kama karani anayesoma orodha. Mkataba hausainiwi.

Mzee huyo ni Clyde Bruckman, na kisa chake ni sehemu ya nne ya msimu wa tatu wa The X-Files, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Chris Carter na kuanza kurushwa mwaka 1993. Makachero wawili wa FBI, Fox Mulder anayeamini na Dana Scully anayedai ushahidi, hupewa majalada ya kesi zilizowashinda wengine kwa sababu zina harufu ya mauzauza. Sehemu ninayoizungumzia inaitwa "Clyde Bruckman's Final Repose". Ilirushwa tarehe 13 Oktoba 1995, na mwaka uliofuata ikampatia mwandishi wake, Darin Morgan, tuzo ya Emmy. Peter Boyle aliyemwigiza Bruckman naye akapata yake. Katika kisa hicho, mjini St. Paul, jimboni Minnesota, kuna mtu anawaua watabiri.

Watabiri? Hapo ndipo anayetaka kukisimulia kisa hiki kwa Kiswahili anapokwama. Wanaouawa ni msoma viganja, msoma majani ya chai, mpiga karata, na mzee anayewasaidia polisi hana kazi hata moja kati ya hizo. Tumwite nani? Kiswahili hakina uhaba wa majina hapa. Kina wingi unaosumbua, na kila jina limebeba mzigo wake.

Mpiga ramli ndiye anayekuja kinywani kwanza. Raml kwa Kiarabu ni mchanga, na ramli ya asili huchorwa mchangani au kwenye ubao uliotandazwa mchanga: nukta, mistari, hesabu. Ni kazi ya mkono. Ndiyo maana twasema kupiga ramli, kupiga falaki, kupiga bao (ingawa hili la mwisho ukilitamka leo mbele ya vijana wataangua kicheko, na si kwa sababu ya mpira peke yake). Kupiga kunadai chombo na mtu wa kukishika. Mteja huja, hutoa ada, mchanga hupigwa, jibu hutoka. Bruckman hana mchanga, karata wala kikombe. Yeye hapigi kitu, anapigwa. Mwisho wa mtu humjia akiwa dukani, akiwa anatupa taka, bila kuombwa wala kulipwa.

Mbashiri ndiye asiyemfaa kabisa. Mzizi wake katika Kiarabu ni wa kuleta habari njema, na Bruckman hajawahi kumpelekea mtu habari njema hata moja. Siku hizi neno lenyewe limeajiriwa na kampuni za kamari: watu wanabashiri mechi, mkeka unachanika, wanabashiri tena. Mtabiri je? Hili nalipenda, kwa sababu lilikotoka si lilipo. Taabiri ya Kiarabu ni kuifasiri ndoto. Mtabiri wa mwanzo basi hakuwa aliyeona. Alikuwa aliyesimuliwa kilichoonwa na mwenzake, akakitolea maana. Leo neno limehamia Mamlaka ya Hali ya Hewa, limevaa tai, na hakuna anayelishuku. Bruckman ana ndoto yake, ileile kila usiku: mwili wake umelala uchi katika uwanja wa tulipu nyekundu, unaoza hatua kwa hatua mpaka mifupa. Anaisimulia kwa utulivu wa kutisha. Haihitaji mtabiri.

Lipo neno ambalo halikupanda jahazi kuja kwetu: kuagua. Ni la Kibantu, na Wanyarwanda na Warundi wanalo jamaa yake, kuragura. Mwaguzi hutazama ili atibu. Anaijua asili ya maradhi, kisha anatoa dawa, anaondoa kilichofungwa, mgonjwa anainuka. Kamusi huliandikia neno hili maana mbili, kubaini yaliyofichika na kuponya, nami nadhani kamusi zimelikata pasipokatika. Kwa waliolitunga, kuona bila kutibu kusingekuwa kuagua. Ukimpima Bruckman kwa neno hili ndipo unapoujua msiba wake. Anaiona Mustang ya bluu, rangi na mwaka wake, lakini dawa hana. Yule kijana akikataa bima atakufa. Akiinunua pia atakufa, mjane tu ndiye atakayekuwa na cheki mkononi. Na hapa neno bima lenyewe linakonyeza jicho: limetufikia kupitia lugha za Bara Hindi, na chanzo chake ni Kiajemi, ambako bim ni hofu. Bima ya maisha hailindi maisha. Inaipangia hofu malipo ya kila mwezi.

Mnajimu tunaye pia katika kisa hiki, ingawa haangalii nyota. Polisi wa St. Paul wamemwalika mtu wa televisheni, Stupendous Yappi, nyusi juu, macho makali. (Mwigizaji wake, Jaap Broeker, kwa kawaida alikuwa akisimama badala ya David Duchovny, yaani Mulder, wakati mafundi wanapanga taa.) Yappi anatangaza kwamba muuaji ni mwanamume wa umri wa kati ya miaka 17 na 34, mwenye ndevu au asiye nazo. Polisi wanaandika, wameridhika. Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata tabu kumwelewa mtu wa aina hiyo, kwa kuwa unajimu wa magazetini na redioni tumelelewa nao. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, alikuwa na wasomaji na wasikilizaji kila pembe. Alipotabiri kwamba atakayempinga Rais wa wakati huo, Kikwete, ndani ya chama chake atakufa ghafla, wanasiasa walijibu kwa hasira. Utani wa Morgan kuhusu Yappi ni mwepesi. Kwetu utabiri wa kifo unaweza kuwa tishio, na tishio ni suala la polisi.

Kwa hakika, ukiniuliza istilahi bora kabisa ya uhalifu na mauzauza katika Kiswahili, sitaitafuta kwenye tamthilia. Iko kwenye taarifa za polisi wa Tanzania: ramli chonganishi. Hakuna aliyekaa kwenye baraza la lugha kuitunga. Ni ramli inayomwambia aliyefiwa kwamba mchawi wake ni bibi jirani mwenye macho mekundu, kisha usiku panga linatembea. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi; mwezi Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na wengi wakakamatwa. Sheria zinasemea uchawi na tiba, lakini kivumishi hicho kimoja, chonganishi, kimegusa kosa lenyewe. Hakiulizi kama ramli ni kweli au uongo. Kinaangalia imewafanyia nini watu wa mtaa mmoja. Natamani Scully angekuwa nacho. Kingemwokolea hoja nyingi na Mulder.

Basi Bruckman nimwite mwonaji. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wanalijua kutoka katika Samweli wa Kwanza, ambako ni jina la zamani la nabii. Halina chombo, halina ada, halina tiba. Ni mtu na macho yake.

Macho yamenikumbusha muuaji. Orodha ya waigizaji haimpi jina, humwita kikaragosi tu. Ni mchukuzi wa mizigo hotelini, kijana mpole anayejiona akifanya mambo kama yanayovutwa kwa kamba, na anawatafuta watabiri wa kulipwa ili wamweleze kwa nini. Nyuma yake huacha macho na matumbo ya marehemu. Nasi kikaragosi tumekirithi kwa Waturuki, kwenye mchezo wa vivuli wa Karagöz, jina lenye maana ya jicho jeusi. Huenda Morgan hakujua hilo, lakini Kiswahili kimemfanyia kazi bure.

Turudi kwenye Mustang. Itakuwa ajali, na hapa lugha yetu inafanya jambo ambalo kisa kizima kinahangaika kulifanya kwa dakika arobaini na kitu. Ajali ya redioni ni basi limepinduka, breki zimefeli, nasibu tupu. Ajali ya mashairi ya kale ni saa ya mtu iliyokwisha kuandikwa, kama ilivyo katika Kiarabu. Neno ni lilelile, nasi twalitumia bila kuulizana. Bruckman anasema uwezo wake ulianza kwa kutafakari kifo cha Big Bopper, mwanamuziki aliyekufa pamoja na Buddy Holly ndege ilipoanguka karibu na Clear Lake, Iowa, tarehe 3 Februari 1959. Alipata kiti kwa kurusha sarafu, asema Bruckman, naye akaanza kujiuliza ni mambo mangapi yalilazimika kutokea ili sarafu iangukie upande ule. Kihistoria sarafu ilimpa kiti mwanamuziki mwenzao, Ritchie Valens. Big Bopper alikuwa na mafua makali, akaachiwa kiti na mwanamuziki mwingine, Waylon Jennings. Mwandishi amehamisha sarafu, nami simlaumu: mafua hayazai falsafa. Aliyekufa hapo alikufa kwa ajali. Chagua ajali ipi.

Limebaki jibu gumu kuliko yote. Usiku mmoja hotelini, Scully asiyeamini anamwuliza mzee yeye atakufaje. Jibu la Bruckman ni fupi mno, na liko katika wakati uliopo. Watazamaji wamebishana tangu hapo kama alimaanisha kwamba Scully hafi kama wengine, au alikuwa anamfariji tu, kwani Bruckman mwenyewe ndiye aliyekuwa akielekea kujiua. Mfasiri wa Kiswahili ana njia mbili. "Hutakufa" ni ahadi, ni neno la daktari kitandani. Faraja inaonekana wazi. "Hufi" haliahidi. Linaeleza tu Scully alivyo, kama vile angesema huli nyama. Najua wasimulizi wa mabanda ya video wangelichangamsha, wangetia na "dada yangu" na kicheko. Mimi ningeandika "Hufi", neno moja, na nisingemruhusu mhariri aliongezee kitu.