Wale Wengine Watatu: Ushujaa wa Vita katika Masimulizi ya Kweli

Katika mada ya mighani watahiniwa wetu hawapati shida kubwa. Waulize sifa za jagina nao watakutajia Fumo Liyongo na Lwanda Magere: nguvu zisizo za kawaida, siri ya udhaifu, kifo cha usaliti. Shida huanza wanapokutana na simulizi la kweli la vita, ambalo shujaa wake ni mtu wa damu na nyama. Aghalabu mtahiniwa humwaga sifa zilezile za mighani, na alama zikampita.

Muhula mmoja hapa Tulia niliwasomea Kidato cha Tatu kisa kimoja cha vita. Nilipomaliza, msichana aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, wale wengine watatu waliitwa nani?” Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo tarehe 19 Mei 1941, kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles, yaani KAR, kilikuwa Colito nchini Ethiopia kikipigana na Waitaliano. Kombania mbili zilikuwa zimevuka mto Billate, zikijaribu kushika ukingo wa pili ili jeshi lipate kusonga mbele. Ghafla vifaru vya adui vikatokea vichakani nyuma yao. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alikuwa amekwisha kumaliza mabomu ya mzinga wake mdogo. Akarukia kifaru kilichokuwa kikiwajia wenzake, akang'oa mfuniko wake, akawapiga risasi waliokuwa ndani kwa bastola. Alimwacha dereva peke yake, akamlazimisha kukiendesha kifaru hadi mafichoni. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho ukakataa. Akashuka, akaviendea vifaru vingine kwa miguu huku risasi zikinyesha. Viwili vikapita. Akapanda cha tatu, akamwua askari mmoja, na hapo bunduki ya kifaru cha nne ikamwangusha. Mwaka 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza, ingawa alikuwa marehemu.

Huo ni ujasiri, na hatuna sababu ya kuupunguza. Lakini maelezo rasmi ya nishani hiyo yanasema kuwa hakuviendea vifaru vile peke yake. Alifuatana na sajini meja wa kombania aliyekuwa Mwafrika, pamoja na Waafrika wengine wawili. Risasi zilizomnyeshea yeye ziliwanyeshea na wao, na vifaru viwili vya kwanza viliwapita wote wanne. Hata hivyo, maelezo hayo hayawataji majina. Mmoja ametajwa kwa cheo na rangi, na wawili kwa idadi tu.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Katika fasihi, mhusika asiye na jina hupewa kazi moja: kumwinua mhusika mkuu. Katika hadithi ya kubuni hiyo ni mbinu ya mtunzi. Katika simulizi la kweli ni uamuzi wa msimulizi kuhusu nani akumbukwe. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuuliza: Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Nani ametajwa kwa jina, na nani ametajwa kwa wingi tu?

Maswali hayo hayaanzii Colito. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki palipokuwa na barabara chache na mbung'o waliowaua wanyama wa mizigo. Chakula na risasi vilibebwa vichwani na migongoni mwa watu. Jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililotuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliweka mnara wa sanamu tatu Nairobi, kwenye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue. Maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Tena yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi ni nzuri, lakini mnara hauna jina la mtu hata mmoja. Mhakiki huita hali hiyo kinaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi.

Jambo hili linatugusa sisi wa Ukambani. Wakoloni waliwaita Wakamba watu wa asili ya kijeshi, na sehemu yao katika KAR ikazidi mno sehemu yao katika idadi ya watu nchini. Sifa hiyo tuisome kama tunavyosoma sifa yoyote ya kishairi: inamfaa nani? Ilimfaa aliyetaka kuandikisha askari. Haikueleza ukame wala haja ya mshahara, mambo yaliyowasukuma vijana wengi kuingia jeshini.

Tena ushujaa hauhitaji bunduki. Mwaka 1938 serikali ilipowanyang'anya Wakamba mifugo kwa kisingizio cha kuhifadhi ardhi, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kutoka Machakos hadi Nairobi wakadai kuonana na Gavana. Alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji wa mifugo kwa nguvu ukasitishwa. Mkoloni hakumpa nishani. Hata hivyo, mtaa wenye jina lake uko mwendo mfupi kutoka kwenye mnara ule usio na majina, kwa sababu jina hilo lilihifadhiwa na watu wake wenyewe.

Kiswahili kina mapokeo ya kuhifadhi namna hiyo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Shaaban Robert akasimulia Vita Vikuu vya Pili katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kwa Kiingereza, Waruhiu Itote aliyepigana Burma chini ya KAR aliandika tawasifu yake mwaka 1967. Nafsi ya kwanza ilimfanya aliyekuwa “Mwafrika mmoja” awe mhusika mkuu mwenye jina, woga na mawazo yake.

Kwa mtahiniwa, basi: usimpe shujaa wa kweli nguvu za Liyongo. Onyesha alichokiogopa, alichokitenda, na aliokuwa nao.

Yule msichana sikumpa majina matatu. Nilimpa kazi ya kwenda nyumbani na daftari, awaulize wazee ni nani wa ukoo wake aliyekwenda vitani, na aandike jina kamili kabla ya kuandika kisa.

Maswali ya mjadala
1. Linganisha jagina wa mighani na shujaa wa simulizi la kweli. Toa hoja nne.
2. “Kutaja jina ni kutoa hukumu.” Jadili ukirejelea kisa cha Colito.
3. Kusanya simulizi moja la vita kutoka kwa mzee wa kijijini kwenu, kisha ueleze mtazamo wa msimulizi.