Sensa ya mlango imekataa kushikana na paneli? Anza na kibandiko cha nyuma

Mamangu anaishi peke yake Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe yenye mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni. Jirani alipovunjiwa usiku, sisi watoto tulichanga tukamnunulia king'ora kisichotumia waya. Paneli tuliinunua hapa mjini. Sensa tatu za milango alizituma ndugu yangu aliyeko Marekani. Si sensa ya kuhesabu watu. Nasema kile kidude chenye sumaku kinachotambua mlango ukifunguliwa.

Paneli iliwaka vizuri, lakini hakuna sensa hata moja iliyokubali kushikana nayo. Fundi akasema paneli imekufa, tununue nyingine. Kilichonitia hofu ni kwamba vidude vilikuwa vimeshabandikwa milangoni, na kwa siku nne Mama alilala akiamini analindwa.

Paneli haikuwa mbovu, wala sensa. Kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani zina vifaa vilivyoletwa na jamaa kutoka nje, naeleza hapa mpangilio ninaoufuata sasa kabla sijamlipa fundi.

1. Soma masafa

Geuza sensa, usome kibandiko cha nyuma. Tafuta namba iliyoandikwa MHz, kisha uilinganishe na ile ya kwenye paneli au kijitabu chake. Sensa nyingi za Marekani hutumia 345, 319.5 au 433. Za Ulaya nyingi hutumia 868 au 433. Vifaa vya bei nafuu kutoka China mara nyingi ni 433. Sensa za ndugu yangu zilikuwa 345, na paneli yetu ni 433. Zingekaa pamoja mwaka mzima bila kusikiana, kama redio iliyofunguliwa stesheni nyengine.

Namba zikilingana, bado usishangilie. Kila kampuni ina lugha yake ya kutuma ujumbe, na sensa ya kampuni moja huenda isieleweke na paneli ya nyengine hata kama zote ni 433. Kijitabu cha paneli huorodhesha sensa inazozikubali. Kama yako haimo, irudishe dukani mapema ungali na risiti.

2. Kagua betri

Sensa mpya huja na kijikaratasi cha plastiki kinachozuia betri isiguse chuma. Wengi husahau kukivuta. Kama sensa imekaa kabatini muda mrefu, weka betri mpya ya aina iliyoandikwa ndani, nyingi zikiwa za volti 3 kama CR2032 au CR123A, na uangalie alama ya chanya na hasi.

Huku kwetu kuna adui mwengine: hewa ya chumvi. Ukiona ukungu mweupe au kijani kwenye vyuma vinavyoshika betri, pangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache pakauke kabisa. Kabla ya kurudisha betri, subiri dakika moja hivi ili umeme uliobaki ndani uishe na sensa ianze upya.

3. Futa usajili wa zamani

Sensa iliyowahi kutumika nyumba nyengine inaweza kuwa bado imesajiliwa kule. Baadhi ya vifaa vya kisasa havikubali paneli mpya mpaka vifutwe kwenye paneli au akaunti ya kwanza. Mpigie aliyekupa, mwambie aifute. Kwenye paneli yako pia angalia kama nafasi unayotaka kuitumia ina sensa ya zamani iliyoachwa.

4. Sajili mezani, si mlangoni

Hapa ndipo wengi hukosea. Weka sensa kama mita 1 hadi 3 kutoka kwenye paneli. Usiigusishe na paneli, kwani mawimbi yakiwa makali mno paneli nyengine hushindwa kuyasoma. Ingiza paneli katika hali ya kusajili kwa kufuata kijitabu chake, kisha uiamshe sensa mara moja kwa kutenganisha sumaku nayo. Hali hiyo hufungwa yenyewe baada ya muda mfupi, kwa hiyo shika sensa mkononi kabla ya kubonyeza. Paneli nyengine hutaka uandike namba ya siri iliyo kwenye kibandiko. Isome kwa miwani, maana 8 na B hufanana.

Funga pia kifuniko cha sensa sawasawa. Kikiwa wazi, sensa inaweza kutuma taarifa ya kuchezewa badala ya ile ya mlango.

5. Ndipo uipeleke mahali pake

Ikishakubali mezani halafu ikakataa mlangoni, tatizo ni njia ya mawimbi. Kuta nene za mawe huyapunguza nguvu, na mabati na milango ya chuma huyazuia zaidi. Sogeza paneli katikati ya nyumba, mbali na friji na kabati za chuma. Kwenye mlango wa chuma, weka kipande cha mbao au plastiki chini ya sensa na sumaku, kwa sababu chuma hudhoofisha sumaku pia. Mlango ukifungwa, sumaku na sensa zikaribiane kwa kadiri kijitabu kinavyosema, aghalabu sentimita 1 au 2 tu.

Usiamini taa, jaribu mlango

Sisi tulinunua sensa tatu za kampuni ileile ya paneli, na zilishikana jioni hiyohiyo. Ya mlango wa nyuma ilikataa mpaka tulipohamisha paneli kutoka sebuleni hadi ukumbini.

Kisha nilimwomba Mama aufungue mlango ule mwenyewe. King'ora kililia, akaruka, akacheka, akaniuliza, "Kwani siku zote hizo kilikuwa kimya?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Sasa kila mwanzo wa mwezi nikienda kumsalimia, tunafungua milango yote mitatu mmoja mmoja huku king'ora kimewashwa. Kama una mzazi anayeishi peke yake, mfanyie hivyo wiki hii.