Kabla ya Kwenda Engaruka

Wiki hii kodi naiweka pembeni kidogo. Nina likizo ya siku tano mwezi wa nane, na kwa muda nimekuwa nikitafuta mji wa kale wa mawe, ulio jangwani au mahali pakavu, ambao mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuufikia akitokea hapa Kanja. Nimeupata. Makala haya ndiyo maandalizi yangu: historia kwanza, begi baadaye. Anayesafiri bila kusoma hurudi na picha za mawe tu.

Ukitaja mji wa mawe jangwani, kila mtu atakuambia Petra, kule Yordani. Na ana haki. Wanabatayo waliuchonga ndani ya mwamba mwekundu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Unaingia kwa kupita mpasuko mwembamba unaoitwa Siq, wenye urefu wa kama kilomita 1.2, halafu ghafla unasimama mbele ya Khazneh, jengo la kimo cha karibu mita 40 lililochongwa ukutani. Warumi waliutwaa mji huo mwaka 106. Tetemeko la ardhi la mwaka 363 liliuharibu vibaya. Mwaka 1812 Mswisi mmoja, Johann Ludwig Burckhardt, aliufikia na kupeleka habari zake Ulaya, ingawa wenyeji waliokuwa wakilisha mbuzi pale walikuwa wakiujua siku zote.

Hayo yote utayaona kwenye picha. Jambo ambalo picha nyingi hazionyeshi ni maji. Pale hakuna mvua ya maana, na ile kidogo inayonyesha huja kwa kishindo na kupita. Wanabatayo walichonga mifereji kwenye kuta za Siq, wakalaza mabomba ya udongo wa kuchoma, wakachimba matangi ndani ya mwamba, na mlangoni mwa Siq wakajenga bwawa lenye handaki la kuyapeleka mafuriko upande mwingine. Karne zikapita, bwawa likabomoka, na hakuna aliyelijenga tena. Mwaka 1963 mafuriko yaliingia ndani ya Siq na kuua watalii zaidi ya 20. Baada ya hapo bwawa likajengwa upya, mahali pale pale walipolijenga Wanabatayo!

Hebu fikiria hilo kidogo. Wale wazee walilitatua tatizo lao vizuri, lakini suluhisho lao halikuweza kujilinda lenyewe. Lilihitaji mtu wa kutoa mchanga, kuziba ufa na kurudisha jiwe lililoanguka. Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hii. Seva inaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa na ukadhani haihitaji mtu, hadi siku diski inapojaa.

Nauli ya ndege ya kwenda Amman iko nje ya uwezo wangu kwa sasa. Kwa hiyo nikajiuliza: ni wapi karibu nasi ambapo watu walijenga mji wa mawe mahali pakavu na kuuletea maji? Jibu ni Engaruka, kaskazini mwa Tanzania.

Niseme mapema ili usije ukanilaumu: Engaruka haikuchongwa kwenye mwamba. Ilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Iko wilaya ya Monduli, mkoa wa Arusha, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambapo nyanda za juu za Ngorongoro zinaishia ghafla. Juu kuna msitu na mvua. Chini kuna vumbi, miiba na mifugo ya Wamaasai. Katikati, mito michache inaporomoka kutoka juu na kupotelea kwenye tambarare.

Sisi wa Kanja hatuhitaji kuchorewa ramani ili tuelewe. Huku juu tuna majani chai na mito ya baridi inayotoka Mlima Kenya. Panda gari ushuke hadi Mbeere, na kabla hujamaliza kupiga soga umeshafika kwenye ndengu, mtama na ardhi inayopasuka kwa kiu. Maji yapo juu, ardhi ya tambarare iko chini. Kazi yote ni kuyateremsha hayo maji bila kuyapoteza njiani.

Watu wa Engaruka waliifanya kazi hiyo kwa karne kadhaa, tangu kama karne ya 15 hadi kama karne ya 18. Walichepusha mito pale inapotoka ukutani, wakayaongoza maji kwa mifereji ya mawe, na kumwagilia mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kusawazishwa. Eneo lote la mashamba lina ukubwa wa kama hekta 2,000. Walilima hasa mtama. Ng'ombe walifungiwa kwenye mazizi ya mawe, na samadi ikapelekwa shambani. Wenyewe waliishi katika vijiji saba vikubwa kwenye mteremko, kila nyumba ikiwa juu ya jukwaa la mawe lililokatwa kwenye kilima. Busara ilioje! Hawakujenga nyumba kwenye ardhi ambayo maji yangeweza kuifikia.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyonifanya niandike.

Mgeni wa kwanza kuandika juu ya magofu hayo alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita pale mwaka 1883. Mwaka 1935 akaja Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, ambaye wengi mnamjua kwa mambo ya Olduvai. Leakey alikadiria kuwa kuna nyumba zaidi ya 6,000, akafanya hesabu, akasema mji ulikuwa na watu kati ya 30,000 na 40,000. Mji wa watu 40,000 ndani ya Bonde la Ufa! Namba hiyo ilisafiri sana, na bado utaikuta kwenye tovuti za utalii.

Watafiti waliokuja baadaye, hasa John Sutton, waliona namba hiyo ni kubwa mno. Sababu yake mtu wa hifadhidata ataielewa mara moja. Ukihesabu akaunti zote zilizowahi kufunguliwa kwenye mfumo wako tangu siku ya kwanza, hujapata idadi ya watu wanaoutumia leo. Wengine waliondoka zamani, wengine wamefungua akaunti ya pili. Magofu nayo ni hivyo. Nyumba ya babu ilibomoka, mjukuu akajenga yake pembeni, na majukwaa yote mawili bado yapo. Anayepita miaka 200 baadaye anayaona kwa pamoja na kudhani watu wote walipika siku moja.

Mashamba nayo yalihesabiwa hivyo hivyo. Ukiangalia picha ya angani unaona mistari iliyonyooka, miraba kwa mamia, na unashawishika kwamba fundi mkuu mmoja alikaa chini akachora mpango mzima. Lakini uchimbaji ulioongozwa na Daryl Stump miaka ya 2000 ulionyesha kitu kingine. Sehemu ya mashamba ilijengwa kidogo kidogo: watu walipanga mawe ili yanase udongo unaoletwa na maji ya mto, udongo ukajaa, wakaongeza mstari mwingine wa mawe juu yake, ukajaa tena. Shamba lenyewe lilitengenezwa na mto, mkulima akiuongoza. Kwa lugha yetu, tunachokiona leo ni matoleo yote ya programu yakiwa yamerundikana pamoja, kila moja juu ya lenzake.

Unaweza kuuliza, kuna ubaya gani mtu akiamini kulikuwa na watu 40,000 na fundi mkuu mmoja? Upo ubaya. Mwaka 1933 G.W.B. Huntingford aliandika juu ya kitu alichokiita ustaarabu wa Azania, akikusanya magofu ya mawe ya sehemu hizi chini ya taifa moja la kale lililopotea, lenye asili ya kaskazini. Wazo hilo baadaye liliachwa. Lakini angalia jinsi linavyozaliwa: ukishaamini kwamba kitu kilijengwa chote kwa mara moja na kwa mpango mmoja, inabidi umtafute mjenzi mkubwa wa ajabu, na mkulima wa kawaida wa hapa hapa haonekani kutosha. Ukijua kilijengwa mstari kwa mstari, msimu kwa msimu, mjenzi anakuwa mtu unayeweza kumfikiria: mama mwenye jembe, kijana aliyetumwa kwenda kuangalia mfereji kwa nini umekauka.

Na kwa nini waliondoka? Watafiti wametaja mito kupungua maji, ardhi kuchoka, na usalama kubadilika wakati wafugaji wa Kimaasai walipotawala tambarare. Mimi sioni haja ya kuchagua moja. Mfumo wa maji wa aina hii unategemea mikono mingi. Maji yakipungua, familia chache zinahama. Waliobaki wana mifereji ile ile lakini mikono michache ya kuisafisha, kwa hiyo maji yanayofika shambani yanapungua zaidi. Hapo hata tatizo dogo linatosha kuuangusha mji.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu mikono, nenda Marakwet hapa kwetu Kenya. Chini ya ukuta wa Bonde la Kerio kuna mifereji ya aina hiyo hiyo, iliyojengwa kwa mawe, magogo na matawi, na inafanya kazi hadi leo. Mifereji ni ya koo, maji hugawanywa kwa zamu, na mahali panapobomoka wenye mfereji hutoka kwenda kupatengeneza. Wasonjo wa karibu na Ziwa Natron nao wana utaratibu wao wa wazee wa maji, na Wachaga wa Kilimanjaro wana mifongo yao. Teknolojia ni ile ile ya Engaruka. Tofauti ni kwamba huko zamu hazijavunjika.

Ndiyo maana habari hii inanigusa. Vijiji vingi vya huku kwetu hunywa maji ya miradi ya wananchi: chanzo kiko juu mtoni, bomba linashuka, wanachama wanachanga, kamati inasimamia. Siku ya uzinduzi watu hujaa, hotuba hutolewa. Siku ya kwenda kutoa matope kwenye chanzo, tafuta watu uone! Hakuna jiwe la kumbukumbu linaloandikwa jina la aliyetoa matope, lakini bila yeye mradi ni gofu linalosubiri muda wake.

Basi ratiba yangu imepangwa kufuatana na haya. Siku ya kwanza: Kanja, Embu, Nairobi, halafu Namanga hadi Arusha. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni kama kilomita 270, kwa hiyo nitaondoka alfajiri, pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikiwa mfukoni. Siku ya pili: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, kisha kama kilomita 60 kwa njia ya Ziwa Natron hadi Engaruka. Nimechagua mwezi wa nane kwa kuwa ni kiangazi na makorongo hayana maji ya kufunga njia.

Siku ya tatu ni yote ya magofu, pamoja na mwenyeji wa kuniongoza. Watalii wengi huanza na nyumba. Mimi nitaanza mtoni, pale maji yanapotoka ukutani, nifuate mfereji kwa miguu hadi mashambani, na vijiji viwe vya mwisho. Nataka kuona jinsi walivyoupa mfereji mteremko bila kipimo cha kununua dukani: ukiwa mkali mno maji hula kingo, ukiwa mdogo mno mchanga hukaa. Nataka pia kuona wakulima wa Engaruka ya leo, kwa sababu mto bado unamwagilia mashamba ya watu pale, hatua chache tu kutoka kwenye mawe ya wale wa kale. Nitawauliza zamu zao zinapangwaje. Siku ya nne na ya tano ni za kurudi.

Aliyewahi kufika huko anieleze anachojua kabla sijaondoka, hasa kuhusu maji ya kunywa na mahali pa kulala. Nikirudi nitaweka picha. Msishangae zikiwa nyingi za mifereji.