Mashini ya kura: namna gani kujua kama ni rahisi?

Tarehe 30 Desemba 2018, wapiga kura wa Kalemie, sawa na wenzao wengi wa Kongo, walitumia kwa mara ya kwanza mashini ya kupigia kura ya kampuni Miru Systems ya Korea ya Kusini. Mtu anagusa kioo, anachagua picha ao namba ya mgombea, mashini inachapa karatasi, anaitia ndani ya sanduku.

Mmoja atasema ni rahisi, mwingine ni nguvu. Hesabu ndiyo inakata maneno.

Kwa kulinganisha mipango miwili ya kioo, watu wanagawanywa kwa bahati nasibu, ili wazee na vijana wapatikane pande zote. Halafu wanapima mambo matatu: nani alimaliza bila kusaidiwa, alikosea mara ngapi, na alitumia muda gani. Kwa muda, heri kutazama mtu wa katikati, juu wachache wenye kukawia sana wanavuta wastani.

Idadi nayo ni ya lazima. Tuseme watu 14 kwa 20 wanafaulu na mpango wa kwanza, 11 kwa 20 na wa pili: inaweza kuwa bahati tu. Lakini 140 kwa 200 mbele ya 110 kwa 200, ni nguvu kusema ni bahati.

Tena, wasiojua kusoma wahesabiwe pembeni, juu wastani mzuri unaweza kuwaficha. Mwenye kusaidiwa mbele ya kioo anaonyesha chaguo lake. Siri ya kura yake imekwisha.